Tulivyopokezana Pumzi Barabara ya Londiani

Wenzangu wa kwaya na majirani wa Makongeni, kila mmoja wenu amekuja kuniuliza kivyake, na mimi pumzi ya kusimulia mara kumi sina. Mnataka kujua iliwezekanaje nikaenda magharibi kumzika kaka yangu Enos nikarudi na mama yangu, tena mama ambaye kwa desturi ya kwetu Umaragoli halali nyumba moja na mkwe wake. Basi nimekaa nikaandika. Someni polepole, kama ninavyotembea.

Kwa wale waliohamia mtaani juzijuzi: mimi ni Jerida. Nilipika katika shule ya bweni hapa Thika miaka mingi, kwa kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha la maana. Moshi ule ulinikaa kifuani. Daktari alisema mapafu yangu yana makovu, na makovu hayo hayatoki. Ndiyo maana mnaniona na kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni ya damu. Mtu mwenye afya husoma asilimia tisini na tano kwenda juu; mimi nikikaa kimya kinasema tisini, au tisini na moja. Nikienda msalani na kurudi, themanini na tatu. Kuna siku nimekaa tu, sijagusa kazi, namba zinashuka zenyewe halafu zinapanda bila kunieleza kitu. Vidole vikiwa baridi kifaa kinadanganya, kwa hiyo nilijifunza kusugua mkono kwanza, kuogopa baadaye.

Makongeni hadi Mwiki

Mume wangu Kamau mnamjua, na Probox yake ya kubebea mboga mnaijua pia. Aliiosha vizuri, akalaza kiti kimoja cha nyuma, akafunga pale mitungi miwili midogo ya oksijeni kwa kamba. Kichwa cha kufungulia mtungi, kile chenye mshale wa kuonyesha hewa iliyobaki, kilikuwa kimoja tu. Mashine ya stima, ile ya kuchomeka ukutani inayochuja hewa, iliwekwa juu ya begi la nguo. Daktari alikuwa ametuonya kwamba milimani hewa ni nyepesi. Alisema kama ni lazima niende, nisiuache mrija, na nisipitishe lita mbili kwa dakika.

"Mama Ciru," Kamau aliniuliza kwa jina la binti yetu, kama kawaida yake, kabla hajawasha gari, "una uhakika?"

"Enos ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako. Nimeuliza kama una uhakika."

Nikafunga mkanda, akawasha gari.

Tulipitia Ruiru, tukaingia Mwiki kumchukua mdogo wangu Rhoda. Rhoda ni mjane na anauza nguo za watoto pale Mwiki. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi za ploti anakopanga, macho yamevimba, na kando yake begi, blanketi, ndoo ya maandazi na thermos mbili. Mtu angedhani tunahamia Uganda.

"Shemeji, fungua buti," akamwambia Kamau. Halafu akanitazama pua yenye mrija. "Na wewe umevaa hereni puani kwenda matangani?"

Nilicheka, na kile kicheko kikanigharimu kikohozi hadi Githurai.

Polisi wa gesi

Tulishika bypass ya kwenda Ruaka, tukapanda Limuru. Huko ukungu ulikuwa mzito na baridi iliingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Kifaa kilisoma themanini na sita nikiwa na mrija puani. Nikasugua kidole, kikasema themanini na tisa. Tukaendelea.

Baada ya Naivasha polisi walitusimamisha. Askari mmoja kijana alichungulia ndani akaona mtungi.

"Mnabeba gesi ya kupikia pamoja na abiria? Mnajua hii ni hatari?"

"Si ya kupikia, afande," Kamau akasema. "Ni ya mgonjwa."

"Mgonjwa gani anapewa gesi?"

Rhoda akainama kutoka kiti cha mbele. "Afande, mfuate huo mrija uone unaishia wapi."

Askari aliufuata kwa macho, kutoka kwenye mtungi, juu ya paja langu, hadi puani. Uso wake ulibadilika. Aliomba msamaha, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alimwita mwenzake, wakasimama wote wawili, akamwambia, "Umeona? Hii ndiyo ile kitu baba yangu alikosa." Akatupungia mkono twende. Tukaendelea hadi Nakuru. Huko tulikula viazi na samosa ndani ya gari, kwa sababu hoteli zote zilikuwa na jiko la makaa mlangoni.

Kinu cha Londiani

Kamau alichagua njia ya Kericho kwa sababu aliambiwa ile ya Timboroa inapanda juu zaidi. Lakini tulipopita Mau Summit na kuingia upande wa Londiani, magari yalikuwa yamesimama. Lori la mbolea lilikuwa limelala katikati ya barabara. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu walizima injini, wengine wakashuka kununua karoti.

Mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha, na wa pili mshale wake ulikuwa unashuka. Hatukujua tutakaa pale muda gani. Kifaa kilisoma sabini na moja, na Kamau akapauka.

"Ngai! Rhoda, angalia midomo yake."

"Ni baridi ya vidole," nikamwambia. Rhoda akaniingiza mikono kwapani mwake, tukasubiri. Themanini na mbili. Si namba nzuri, lakini hiyo nilikuwa naifahamu.

Kamau alishuka mvuani kutafuta stima. Alirudi na mama mmoja mnene aliyejifunika gunia kichwani. Mama huyo alikuwa na kinu cha kusaga mahindi, hatua chache kutoka barabarani. Alituambia stima iko, tena haijapotea tangu asubuhi.

Walinibeba, Kamau miguu, Rhoda na yule mama mabega. Ndani ya kinu kulikuwa na foleni ya wanawake wenye ndoo za mahindi, na unga ulikuwa unaelea hewani kama vumbi la barabara ya murram. Nikaanza kukohoa kabla hawajanikalisha. Yule mama mwenye kinu aliangalia unga, akaniangalia mimi, akaenda ukutani akazima kinu.

"Leo tunasaga baadaye," akawaambia.

"Baadaye lini?" mmoja akauliza. "Watoto wanarudi shule."

"Huyu akishapumua."

Waligeuza ndoo zao wakazikalia. Mashine yetu ikachomekwa mahali pa kinu, ikaanza kuguruma, na mimi nikaketi kwenye gunia mbele ya wanawake ambao chakula chao cha jioni kilikuwa kinanisubiri. Hakuna aliyenung'unika tena. Bibi mmoja alinimiminia mursik, yale maziwa ya kugandishwa kwa mkaa, kutoka kwenye kibuyu chake. Mimi sijazoea ile ladha ya mkaa, lakini nilikunywa yote. Mwingine alimnong'oneza Rhoda kwa sauti ambayo niliisikia, "Hiyo mashine inamtoa damu?"

"Inamtilia hewa," Rhoda akasema.

"Hewa si iko hapa?"

"Iko. Yeye ndiye hawezi kuikamata."

Yule mwanamke alitikisa kichwa. Kisha alisimama, akaenda kufunga mlango unaoelekea jikoni kwa mwenye kinu ili moshi usinifikie.

Lori lilipoondolewa nilitaka kumwambia yule mama mwenye kinu maneno mengi. Nilipata pumzi ya moja tu. "Asante." Tulipokuwa tunaondoka nilisikia kinu kikiwaka nyuma yetu.

Chavakali, walikodhani ninaringa

Tulishuka Kericho, Ahero, Kisumu, na kadiri tulivyoshuka namba zilipanda. Kisumu nilisoma tisini na mbili. Nikala ugali na omena kwa mkono wangu, na Kamau akaimba kidogo. Baada ya hapo tukapanda tena hadi Chavakali.

Boma la kwetu lilikuwa limejaa. Vyungu vilikuwa juu ya mafiga kila upande, kuni zilikuwa mbichi kwa sababu ya mvua, na moshi ulikuwa umelala chini mpaka huwezi kuona mlango wa mama. Niliweka mguu mmoja nje nikarudi ndani ya gari. Kamau akalisogeza hadi kwa jirani, kwenye nyumba ya mabati yenye stima, nikachomeka mashine.

Kwetu mtu akifika matangani huingia moja kwa moja kwa mama mfiwa, hulia, hukaa naye chini. Mimi nilikuwa nimeketi kwa jirani kwenye kiti cha sofa. Nilimsikia shangazi akisema nje, "Jerida ameolewa Thika, sasa moshi wa kwao unamnukia vibaya." Rhoda alitoka kumjibu, na majibu yake sitayaandika hapa.

Nililia nikiwa pale pale. Sikulilia maneno ya shangazi. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kufika kwa mama, na sasa hatua zile chache zilizobaki zilinishinda.

Halafu nikamwona mama kupitia mlangoni. Alikuwa ametoka katika ule moshi kunifuata, leso kichwani. Alipiga hatua, akashika mti wa mpera. Akapiga nyingine, akajifanya anaangalia kuku. Akafika kwenye ua, akainama kama mtu anayetoa mwiba mguuni, lakini hakugusa mguu. Alikaa vile akiwa ameinama, mabega yakipanda na kushuka.

Ule mwendo niliujua. Wa kujifanya una shughuli ili watu wasijue umesimama kutafuta pumzi. Mimi mwenyewe nimeutembea soko la Makongeni miaka mitatu kabla sijakubali kwenda hospitali.

"Mirembe, mwanangu," akanisalimu kwa Kimaragoli alipofika, na pumzi ikamwishia hapo.

Nilimkumbatia tukalia. Alipotulia nikachukua mkono wake, nikambana kile kifaa kidoleni. Sabini na nne. Nikamsugua vidole, nikabadilisha mkono, nikajaribu cha kati, cha pete. Sabini na sita. Sabini na tano.

"Kinasema nini?" mama akauliza.

"Kinasema umechoka."

"Hilo hata mimi ningekuambia."

Nilivua mrija wangu nikamwekea puani. Alikaa akisikiliza ile mashine, mikono imeshika magoti. Baada ya muda akasema taratibu, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Nilidhani ni uzee."

Tulipomzika Enos

Enos ndiye aliyekuwa akiishi na mama. Alimchotea maji, akamlimia, akalala nyumba ya pili ili asiwe peke yake. Tumbo lilimshika ghafla, akaondoka. Sitaki kuandika mengi juu ya siku ile. Mama aliketi kando ya kaburi na mtungi mgongoni pa kiti, kwa kuwa Kamau alikuwa amekwenda Kisumu kujaza yote miwili, na mimi niliketi mbali na moshi nikimtazama. Mchungaji alipotaja jina la Enos mama alivuta pumzi moja ndefu, na kwa sababu ya ule mrija ilikwenda mpaka mwisho. Nadhani miaka mingi hakuwa amevuta pumzi ya namna hiyo. Ndipo alipolia kwa sauti.

Jioni ukoo ukakaa. Rhoda akasema mama aende nasi kutibiwa. Baba mdogo Jairo, mzee mpole ambaye hajawahi kunigombeza, akakataa.

"Udongo wa mwanawe bado haujakauka. Na atalala wapi? Kwa mkwe? Mnataka watu waseme nini?"

Kamau hakuwa pale kwenye kikao. Alikuwa ameketi nje ya ua, kwa sababu mkwe hakai mbele ya mama mkwe, hali naye, hamshiki mkono. Tangu tuoane, yeye na mama walikuwa hawajawahi kusemeshana moja kwa moja. Salamu zao zilipitia kwangu.

"Atalala kwangu Mwiki," Rhoda akasema. "Mimi si mkwe."

"Na ndani ya gari? Si watakaa pamoja kutwa nzima?"

Mama ndiye aliyejibu. "Jairo, nitajifunika leso. Nataka kupumua."

Kurudi

Mama aliwekwa nyuma ya kiti cha dereva, mahali Kamau asipoweza kumwona. Kamau naye alikigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, akawa anaendesha kwa vioo vya pembeni. Mimi nilikaa kando ya mama, Rhoda mbele. Kwa kuwa kichwa cha mtungi kilikuwa kimoja, tuliamua kupokezana: mama kidogo, mimi kidogo, kila mtu na mrija wake, Rhoda akitusomea namba na kutupangia zamu kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Ukinipa mimi, wewe unabaki na nini?" mama aliniuliza tulipokuwa tunaondoka.

"Zamu yangu inangoja."

Tambarare ya Ahero haikutusumbua. Tulipopita Kericho tukaanza kupanda. Rhoda alikuwa hajalala vizuri tangu msiba uanze, na usingizi ukamchukua akiwa ameshika kifaa. Nilikitoa mkononi mwake. Mama naye alikuwa amelala, mrija puani, mdomo umefunguka kidogo, uso umelegea kama wa msichana. Zamu yangu ilikuwa imefika. Nilimtazama, nikaona siwezi kumwamsha.

Kifaa kilisema themanini. Nikasugua kidole. Sabini na saba. Nikajiambia ni baridi, Londiani tena. Nikasugua, sabini na mbili. Baridi. Nilikuwa nimezoea sana kukikanusha kile kifaa mpaka siku kiliposema kweli sikukiamini. Nakumbuka nikisoma sitini na kitu, nikiona ni namba nzuri tu, namba ya kawaida, na kwamba usingizi ule ni mtamu.

Kilichofuata nilisimuliwa. Kichwa changu kilimwangukia mama begani, akaamka. Aliona midomo yangu. Alimwita Rhoda, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na Rhoda hakusikia. Ndipo mama akaitupa leso, akakamata kiti cha mbele kwa mikono miwili na kupaza sauti.

"Kamau! Kamau, simamisha gari! Mke wako anakufa!"

Jina lake hakuwa amewahi kulitamka. Kamau anasema alishtuka kwa lile jina kabla hajaelewa yale mengine. Aliliegesha gari majanini, akageuka, wakatazamana uso kwa uso. Mama alikuwa tayari ameng'oa mrija wake na alikuwa akinivalisha mimi. Kamau akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akaninyanyua kichwa. Halafu mama mwenyewe akaanza kuyumba, na Kamau, bila kuuliza mtu, akamshika mabega yake mawili akamkalisha wima, akamkumbatia hivyo asianguke hadi Rhoda, aliyeamshwa na zile kelele, alipozunguka mlango wa pili.

Nilipofungua macho mama alikuwa akinitazama, na alikuwa na hasira.

"Nimezika mmoja juzi," akasema, akapumzika kati ya maneno. "Ukitaka kunipa zawadi… usinipe hiyo."

Kamau aliendesha hadi kituo cha afya kwenye soko dogo lililokuwa karibu. Nesi alitoka na kiti kimoja cha magurudumu, akauliza, "Mgonjwa ni nani?"

"Yeye," nikasema, nikimwonyesha mama.

"Yeye," mama akasema, akinionyesha mimi, na tulikuwa tumesema pamoja.

Nesi alimtazama Kamau. Kamau akasema, "Lete kingine." Alikuwa bado amemshika mama mkono, na hakuna aliyemkumbusha auachilie.

Tulikaa pale mpaka rangi zetu zikarudi, tukanywa uji wa wimbi wa wafanyakazi, na wakatuazima kichwa cha pili cha mtungi, ambacho Kamau amekwisha kukirudisha. Njia iliyobaki sikuona kitu cha kuwasimulia. Nililala, kila mtu na mtungi wake.

Mwiki

Mama yuko kwa Rhoda, chumba cha chini, karibu na dirisha. Mashine ya pili ilipatikana. Namna ilivyopatikana ni hadithi ndefu isiyo na utamu. Kamau hupita kila akitoka sokoni kumletea sukuma wiki na ndizi. Husimama mlangoni, na mama humwambia aingie. Baba mdogo Jairo amesikia. Bado hajasema kitu.

Juma lililopita tulimpeleka mama hospitali, wakampiga picha ya kifua. Daktari aliniita kando. Alisema ni moshi wa jikoni wa maisha mazima, kwamba oksijeni itamsaidia lakini haitamponya, na kwamba tusimdanganye.

Tuliporudi Mwiki nikamwambia. Nilimwambia kwa Kimaragoli, kwa maneno mepesi, nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda chake na mtungi wangu miguuni. Alisikiliza hadi mwisho. Nje watoto wa ploti walikuwa wakipiga mpira ukutani.

"Mapafu hayaponi," akasema.

"Hayaponi, mama."

Halafu akageuza kichwa akanitazama, na nikaona kwamba swali lililomjia hakuwa amewahi kulifikia kabla ya siku ile.

"Na yako?"

Ningeweza kumwambia kifaa kinasema nimechoka.

"Yangu pia."

Mama hakulia. Alijisogeza polepole hadi ukutani, akipumzika mara mbili katikati, akauvuta mrija wake usibanwe, akainua blanketi upande wangu.

"Basi njoo ulale hapa," akasema.